Dagaa Huanza na Mafuta Baridi

Mkitaka kujua kama mtu amefanya kazi na dagaa wakavu, msimuulize. Mwangalieni kucha ya kidole gumba. Yangu ya mkono wa kulia imepinda kwa ndani na ina mstari mweusi ambao hakuna sabuni ya Marekani iliyouweza. Ndiyo iliyokuwa kisu changu. Kazi ya jiko nimeiacha, magoti yamekataa kusimama, lakini kucha haina habari kwamba nimestaafu.

Nawaandikia nyinyi vijana wa Tanzania, Kenya na Kongo mnaoanza kazi kwenye majiko ya watu huku Texas. Kila nikikutana nanyi kwenye harusi mnaniuliza: Mzee Ramadhani, wewe mtu wa Kigoma, chakula cha Kimalesia ulijifunzia wapi? Huwa nawajibu kwa kifupi kwa sababu pilau inapoa. Leo nina muda. Kusema kweli, siku hizi nina muda mwingi kuliko ninavyoupenda.

Shule niliiachia darasa la tano. Sikufukuzwa. Nilitaka tu kujua reli ya Kigoma inakwenda kuishia wapi. Ikaishia Dar es Salaam, na pale nikakuta bandari, nikataka kujua meli nazo zinakwenda wapi. Maisha yangu yamekuwa hivyo. Bahati nasibu ya grini kadi ilinitupa Houston, nikaosha magari, nikaenda kupakia mizigo kwenye maghala ya Mesquite, nikarudi Houston kulinda maegesho. Nikifika mahali nauliza maswali, majibu yakiisha nahama. Mwanamke niliyemuoa alichoka kufungasha, akabaki Mesquite na masufuria mazuri.

Mgahawa wa Dada Rohani niliuingia kwa sababu ya harufu. Nilikuwa napita kwenye yale maduka ya kusini magharibi mwa Houston, natafuta kituo cha basi, nikasikia dagaa. Nikasimama. Kwa miaka kadhaa sikuwa nimesikia harufu ile. Nikafuata pua mpaka mlango wa nyuma, nikamkuta mama mfupi mwenye hijabu ya maua na aproni, anapunga kifuniko cha sufuria kufukuza moshi. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha maegesho, hicho ni nini? Akanitazama kuanzia viatu. Akasema, "Wewe ni afisa wa afya?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi shika hiki," akanipa kifuniko. Nikapunga moshi nusu saa. Kesho yake nikawa muosha vyombo.

Alikuwa mjane, ametoka Penang, anaishi Missouri City, pembeni ya Houston. Nilimwita Dada, naye akaniita Abang, kwao ni kaka. Chakula chake kikubwa kilikuwa wali wa nazi, na msinicheke: nilidhani wali wa nazi ni wetu peke yetu. Wao wanautia majani fulani marefu yanayonukia kama mchele mpya, wanauweka na yai, tango, karanga za kukaanga, na juu yake rojo ya pilipili inayoitwa sambal, yenye dagaa. Dagaa wenyewe wanawaita bilis. Ni wa baharini, weupe kama fedha, urefu wa kidole.

Siku aliyonipandisha kutoka kwenye sinki hadi kwenye meza, alinipa beseni zima la bilis na kuniambia niwaoshe, yeye anakwenda sokoni. Sasa nyinyi mnajua dagaa wetu. Wanaanikwa mchangani, wanakuja na mchanga, vijiti, hata unyoya wa kuku. Mama yangu alikuwa akiwamwagia maji ya moto yenye chumvi, anawafunika, anawaosha tena na tena mpaka maji yawe meupe. Nikafanya hivyo hivyo, kwa moyo wangu wote. Nikachemsha sufuria kubwa, nikamwaga, nikafunika. Aliporudi, aliinua kifuniko akachungulia.

"Umewaosha kwa maji ya moto," akasema.

"Ndiyo, Dada. Mara tatu. Wametakata kabisa."

"Wametakata." Akashika mmoja kwa mkia, akakatika. "Na sanda umenunua, au nikanunue mimi?"

Wote wawili tulikuwa Waislamu, tunajua nani huoshwa kwa namna ile. Nilitaka ardhi inimeze, na yeye alikuwa ameegemea friji anacheka mpaka machozi. Hakuwatupa. Alifanya supu, tukainywa wafanyakazi wote, mchana na jioni, mpaka mpokea wageni akaomba amani.

Kwa hiyo shikeni hili. Bilis huchemshwa kwa maji ya chumvi mara tu wanapovuliwa, kisha huanikwa juu ya nyavu. Mchanga hawana. Utamu wote uko kwenye ngozi, na maji ya moto yanaondoka nao. Unawapitisha kwenye maji baridi haraka, kama mtu anayetawadha huku anasikia iqama, unawakausha kwa kitambaa, halafu unawaacha hewani mpaka wakishikwa walie kama majani makavu. Mkinunua, tafuteni wenye tumbo zima na rangi ya fedha. Wakiwa na umanjano, au wakinuka kama choo cha kituo cha mabasi, rudisheni. Wa kubaki wawekeni kwenye friza.

Halafu kuna kuwakaanga. Mpishi mgeni huchemsha mafuta mpaka yatoe moshi, ndipo anawatupa. Nje wanaungua, ndani wanabaki kama mpira. Dada Rohani aliwaweka kwenye mafuta baridi. Baridi kabisa, kama yalivyotoka kwenye chupa. Kisha akawasha moto mdogo, akawa anageuza polepole, hana haraka. Yanapopata joto, dagaa wanatoa maji yao na mafuta yanapiga kelele. Kelele ikipungua, sikilizeni kijiko: dagaa wakianza kugonga kama vikombe vidogo, opoeni. Watakuwa bado weupe, na moyo utawaambia mngoje kidogo wapate rangi. Msiusikilize. Wanaendelea kuiva wakiwa nje. Mimi niliusikiliza moyo zaidi ya mara moja na nikapata vijiti vichungu.

Rojo nayo hupikwa kivyake. Pilipili kavu zilizolowekwa na kutolewa mbegu, vitunguu vidogo, saumu, na kipande cha kamba wadogo wa baharini waliosagwa na kuchachushwa. Vyote vinasagwa na kukaangwa mpaka mafuta yapande juu. Yasipopanda bado ni mbichi, hata kama mteja anagonga meza. Kisha ukwaju, sukari, na vitunguu vya kukata mviringo. Dagaa wanaingia mwisho, moto umezimwa, ili wabaki wakavu wakiliwa.

Lakini jambo ninalotaka kuwaambia si hilo. Pale kwenye mgahawa kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: hakuna mtu kuchambua dagaa peke yake. Saa nne asubuhi, kabla ya kufungua, gunia liliwekwa katikati ya meza kubwa na kila mtu alikaa: mpishi, muosha vyombo, mpokea wageni, Dada mwenyewe. Unakata kichwa, unapasua tumbo kwa kucha, unatoa ule uzi mweusi wenye uchungu, mwili unaanguka huku na kichwa kule kwa ajili ya supu. Mikono inafanya kazi, midomo imebaki huru. Pale ndipo nilipojifunza Kiingereza, na Kimalei cha matusi. Nilimuuliza Dada kwa nini tusimpe mmoja wetu kazi ile, sisi wengine tuandae mengine. Akasema, "Anayechambua peke yake anawahi kumaliza. Akiwahi, anaacha uzi."

Nilidhani anazungumzia uchungu wa chakula tu.

Mgahawa ulifungwa magoti yake yalipokwisha, kabla ya yangu. Alihamia kwa binti yake, jimbo la mbali la kaskazini. Tulipigiana simu, halafu namba ikaacha kuita. Mimi nikapika huku na kule, kwa Wathai, kwa Mfilipino mmoja ambaye hula dagaa na siki asubuhi, nikaishia Euless, karibu na uwanja wa ndege, kwenye fleti ya chini ya chumba kimoja. Ndege zinapita juu mchana kutwa. Zamani ningetaka kujua kila moja inakwenda wapi. Siku moja nikagundua sijauliza kwa muda mrefu.

Sikilizeni, kustaafu jikoni ni jambo la ajabu. Kwa miaka mingi unapikia karibu watu mia, halafu unasimama mbele ya jiko na huwezi kupikia mmoja. Kiasi hakiingii mkononi. Sambal haikubali kupikwa ya mtu mmoja, mafuta hayapandi. Nikawa napika ya watu kumi, nakula ya mmoja, naweka ya tisa kwenye friji. Na nilikuwa nachambua peke yangu, na Dada alisema kweli. Nilikuwa nawahi. Niliacha uzi.

Basi mchana mmoja ikapigwa hodi. Alikuwa Travis, meneja wa fleti, kijana mpole mwenye jasho, ameshika simu mkononi.

"Mister R, kuna mtu amelalamika kuhusu harufu. Hii si mara ya kwanza."

"Harufu ya nini?"

"Amesema samaki aliyekufa."

"Samaki wote ninaowapika wamekufa, Travis."

Hakucheka. Akaniambia mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na kukiwa na lalamiko jingine ofisi haitauongeza. "Si mimi," akasema. "Ni kampuni." Nikamuuliza ni nani analalamika, akasema hilo haruhusiwi kulisema.

Nimefunga milango mingi maishani bila kugeuka nyuma. Siku ile nilikaa kitandani na viatu miguuni. Msikiti naufikia kwa miguu kutoka pale. Muuza nyama ananikatia mifupa ya supu bila kuniuliza. Gari sina, na ngazi ya ghorofa ni adui yangu. Vyumba vya chini vya bei ile havipatikani tena. Kwa mara ya kwanza nilikuwa sitaki kujua kuna nini kwingine. Nilitaka kubaki, na kilichonifukuza ni dagaa.

Nikajaribu kila kitu. Nikawaoka kwenye ovena na malimau, nyumba ikanuka samaki aliyekula malimau. Nikachemsha siki, nikapata harufu ya achari ya samaki. Maikrowevu msijaribu, nawaomba. Nikakumbuka gereji ya Dada Rohani kule Missouri City, alikoweka jiko la gesi la kukaangia, mlango wa gereji wazi, kwa sababu kwao kama kwetu kuna jiko la ndani la chai na jiko la nje la kazi. Nikasema, na mimi nina jiko la nje. Nikabeba kikaango mpaka kwenye lile jiko la nyama lililo kando ya bwawa la kuogelea. Agosti, jua la Texas, mzee wa kanzu anakaanga dagaa huku watu wamevaa chupi za kuogelea. Jamaa mmoja akaniuliza kwa upole kama nakwenda kuvua, alidhani ni chambo. Mkaa haujui moto mdogo. Mafuta baridi yaliwaka kabla sijageuza mara mbili. Nikamwaga vyote kwenye pipa, nikarudi ndani, na kuanzia hapo nikawa nakula mkate na mayai.

Mkate na mayai havinuki. Havingoji mtu, pia.

Mikono ndiyo iliyoshindwa kukaa bure. Siku moja nilichukua mfuko wa bilis kutoka kwenye friza na sinia, nikaenda kwenye chumba cha kufulia cha fleti, ambako kuna meza ndefu ya kukunjia nguo na feni inayofanya kazi. Nilijiambia wakiwa wabichi hivi hawanuki sana, na sabuni itawafunika. Nilikuwa peke yangu na mashine zinazozunguka. Nikaanza kuchambua.

Akaingia dada mmoja wa miaka arobaini hivi, kapu la sare za hospitali kiunoni, macho ya mtu aliyetoka usingizini. Akajaza mashine. Akageuka. Akasimama akiangalia sinia.

"Pole, mzee," akasema, kwa Kiswahili, bila hata kuniuliza kama ninakijua. "Hiyo ni omena?"

"Binamu yake. Dagaa wa baharini."

"Ai. Na mbona unatoa vichwa?"

"Vinatia uchungu."

"Kwetu hatutoi. Kichwa ndio iko na utamu. Wewe ni wa wapi, unaharibu chakula hivi?"

"Kigoma."

"Watanzania," akasema, kama daktari aliyegundua ugonjwa. Akavuta kiti. Sikumkaribisha, na yeye hakuomba. Alikaa tu, mkono ukaingia kwenye sinia, akakata kichwa cha kwanza, akakitazama kwa huruma, akakiweka upande wake. Jina lake Atieno, nesi, kazi yake ya usiku. Akanionyesha namna ya kushika wawili kwa mpigo. Nikamwonyesha kucha. Akasema hiyo si kucha, ni ushahidi wa polisi.

Tulikuwa tumefika katikati ya sinia aliponiuliza nakaa jengo gani. Nikamwambia, la mwisho, mlango wa chini karibu na bomba.

Mkono wake ukasimama.

"Basi ni wewe," akasema.

Mimi pia nikaelewa. Nilikuwa nimeishi chini ya miguu yake miaka miwili. Namjua anavyotembea: kutoka kitandani hadi dirishani, dirishani hadi jikoni. Alipokuwa anaondoka mimi nilikuwa nakwenda swala ya magharibi, aliporudi nilikuwa nimelala tena baada ya alfajiri. Uso wake sikuwahi kuuona.

"Ni mimi nili-complain," akasema. "Mara mbili. Sikujua ni mzee wetu, nilidhani ni wale Wavietnam wa upande ule."

"Inanuka sana?"

"Hapana." Akachukua dagaa, akamweka chini bila kumchambua. "Mimi nalala mchana. Hiyo harufu ikipanda saa sita, naota niko kwa mamangu. Alikuwa anauza omena Homa Bay, nyumba yetu ilinuka hivyo maisha yetu yote. Naota ananiita nikule. Naamka nikijibu. Halafu nakumbuka." Mashine ikabadilisha mzunguko, akangoja itulie. "Alienda mwaka jana. Makaratasi yangu ya hapa hayakuwa yametoka. Ningetoka singerudi ndani. Nilimzika kwa simu, mzee, nikiwa kwa parking ya hospitali. Sasa ningemwambia Travis nini? Nikamwambia ni samaki mbaya."

Jikoni hatufundishwi maneno. Nikasogeza sinia katikati yetu, akaendelea na mimi nikaendelea, na hakuna aliyewahi. Ilipofika mwisho nilitazama upande wake: vichwa vyote vimetoka, hakuna uzi hata mmoja.

Nikamwambia sitakaanga tena. Mkataba uko wiki mbili mbele, na yeye anahitaji usingizi ili asimchome mgonjwa sindano ya mwenzake.

"Nani amesema usikaange? Nimesema nalala mchana." Akafikiri. "Alarm yangu inalia saa kumi na nusu. Kaanga saa hiyo. Nikiwa macho nikiisikia, haitakuwa ndoto. Itakuwa tu chakula."

Alikwenda mwenyewe kwa Travis. Sijui alimwambia nini. Mkataba uliongezwa, na Travis alisema ofisi inafurahi majirani wakielewana.

Sasa msidhani kwamba nawasimulia harusi. Hatujawahi kula meza moja. Saa yake ya kazi ndiyo saa yangu ya swala, na siku zake za mapumziko analala kama gogo, mnawajua manesi. Ninachokiona ni boksi la plastiki. Naliacha kwenye ngazi ya kwanza, hapo ndipo magoti yangu yanapoishia, wali chini, sambal juu, na kwenye kona vichwa vichache vilivyokaangwa peke yavyo kwa sababu ya ubishi wake. Asubuhi nalikuta mlangoni limeoshwa. Mara moja kulikuwa na karatasi ndani: *chumvi mzee*. Nikapunguza.

Siku nyingi hayo ndiyo mazungumzo yangu yote. Ndege zinapita. Nachambua peke yangu, lakini siwahi, kwa sababu kuna mtu wa kuugundua uzi.

Kwa hiyo mtakapokuwa jikoni kwenu, na mtu akawaambia dagaa ni kazi ndogo, mwacheni. Nyinyi watoeni kwenye friza mchana, wapasueni taratibu, wapitisheni majini, waacheni wakauke. Mimi nikifika hapo huzima redio. Nakaa kwenye kiti karibu na jiko, dagaa wako kwenye kikaango, mafuta juu yao, moto bado. Nasikiliza dari. Saa kumi na nusu simu yake inalia, inanyamazishwa, inalia tena. Kitanda. Miguu miwili sakafuni. Hatua mpaka dirishani.

Hapo ndipo nawasha.